Mwandishi Aliyekaa Kimya Makaburini

Mama Mwandishi hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa na mdomo, alikuwa na kiburi cha watu waliosoma wakati wenzao wakilima, na alikuwa na tabia ya kuuliza habari za mama yako kabla ya kukuuliza hali yako. Ukimwambia mama yako ni mzima, anauliza, mzima namna gani? Ukimwambia ni mgonjwa, anavuta kigoda akae vizuri. Nilimjua kwa miaka mingi, tangu tulipokuwa majirani katika kambi ya wakimbizi karibu na ziwa mpaka alipohamia Kashikishi kwa binti yake, na sikumbuki hata siku moja aliyonisalimia kama watu wanavyosalimiana.

Kazi iliyomlisha ilikuwa chisense, wale dagaa wadogo wa Ziwa Mweru. Aliwachukua kwa wavuvi wa kisiwa cha Chisenga, akawaanika mchangani juu ya vyandarua vilivyochakaa, akawauza kwa kikombe. Kazi aliyoipenda ilikuwa riwaya. Alikuwa akiandika vitabu virefu, kila kimoja madaftari saba au manane ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na alivifunga kwa kamba ya nyavu. Alikaa juu ya gunia katikati ya dagaa, daftari gotini, mkono mmoja ukiandika na mwingine ukifukuza kunguru. Ukurasa ukipeperuka aliubana kwa jiwe. Ukifungua daftari lake lolote leo utakuta magamba yamegandia kwenye karatasi, na harufu yake sina haja ya kuieleza kwa mtu aliyewahi kupita Kashikishi.

Vitabu vyake vyote vilikuwa na jambo moja: mama na binti. Mama anayemchukia binti kwa sababu amefanana na mama mkwe. Binti anayemuuguza mama asiyemjua tena. Mama aliyegeuka ndege, na binti anayelazimika kula mayai. Ukimuuliza mbona wanaume hawamo, anasema wamo, wameenda kuvua. Katika madaftari yote niliyosoma, wanaume walikuwa wameenda kuvua, na mmoja tu ndiye aliyerudi, naye akaja na njaa.

Ngano alizozitia ndani ya vitabu alizikusanya kwa wanawake wenzake pale pale mchangani, na malipo yalikuwa ni dagaa. Ngano moja, kikombe kimoja cha chisense. Tatizo lilikuwa kwamba wanawake wa huku, Wabemba na sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa, Katanga, hatusimulii ngano mchana. Bibi zetu walikataza, na hakuna aliyetaka kujua kitatokea nini. Mama Mwandishi akawafundisha kujifunika kitenge kichwani. Ndani ya kitenge kuna giza, alisema, na giza ni giza. Basi ungepita saa nne asubuhi, jua linachoma, ukamkuta mwanamke mzima amekaa kati ya dagaa amejifunika gubigubi kama maiti, sauti inatoka chini ya kitambaa, na Mama Mwandishi ameinama anaandika. Wateja walikuwa wanazunguka mbali.

Kwa kuwa njaa haina adabu, wanawake walianza kutunga. Yeye alijua. Ngano ya bibi ilikuwa kikombe kizima, ya kutunga ilikuwa nusu kikombe, na hakuna aliyefaulu kumdanganya. Siku moja nilimwona akimkatiza mama mmoja wa Puta aliyekuwa amefika mbali na ngano ya sungura na bibi arusi.

"Mama, ile ni ya kwako mwenyewe," alimwambia.

Kitenge kikatikisika. "Apana, mukwai," akajibu yule mama kwa heshima. "Ni ya kambo yangu," yaani bibi yake.

"Imba tena ile wimbo."

Yule mama akaimba tena.

"Nimeelewa maneno yote," alisema Mama Mwandishi. "Wimbo ya kambo mutu haelewake yote. Kuko tu neno moja ao mbili zenye hata kambo mwenyewe hakujuaka maana. Beba nusu kikombe, mama, na asante. Ni muzuri. Nitaiandika."

Na kweli aliiandika. Hakuwa na dharau kwa za kutunga. Alitaka tu kujua ipi ni ipi, na pembeni ya kila ukurasa aliweka jina la aliyemsimulia na kipimo alichomlipa.

Kuongea kwake na kuandika kwake vilikuwa vitu viwili. Mdomoni alikuwa mtu wa Katanga kama sisi, *batu* na *batoto* na *mu nyumba*. Kwenye daftari aliandika Kiswahili cha shule, kilichonyooka, chenye koma mahali pake, maana aliwahi kufundisha huko ng'ambo. Wanawake walimtania kwamba watu wa vitabu vyake wanaongea kana kwamba wamekunywa maji ya baraka. Hakukasirika. Alisema mtu akiumizwa anastahili kuumizwa kwa sentensi safi. Sijui kama ni kweli. Mimi nimeumizwa kwa sentensi za kila aina.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa nyumbani kwake. Huyu mtu aliyeandika mama na binti mpaka wasomaji wake watatu wanne wa kambini wakatoa machozi, hakuweza kukaa na binti yake mwenyewe kwa muda wa kuchemsha chai. Binti alisuka nywele sokoni Kashikishi, mikono miepesi na ulimi kama wa mama yake. Waligombana kuhusu chumvi. Waligombana kuhusu mahali pa kuweka ufagio. Nilimuuliza binti kama amewahi kusoma kitabu chochote cha mama yake.

"Nisome nini?" alinijibu bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anasuka. "Yote nilisikiaka. Alikuwa anakamata maneno yangu tukigombana, anaenda kuiandika. Siku moja nilimutukana, alafu akaniambia ngoja, sema tena polepole."

Mteja alicheka mpaka akavutwa nywele. Lakini binti huyo huyo, mama yake alipoanza kutoona, ndiye aliyemhamisha kutoka kambini, akamsuka kila Jumamosi, akamchambulia samaki mifupa. Hawakuacha kugombana. Waligombana huku akimchambulia mifupa.

Sasa nifike kwa mama yangu, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika haya.

Vita vilipofika upande wa Pweto, mama alivuka ziwa na mdogo wangu Furaha mgongoni. Mimi, Mauwa, mtoto wa kwanza, niliachwa kwa bibi. Mtumbwi ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja na mtoto wa mgongoni, ndivyo nilivyoambiwa na bibi, na sikuwahi kuambiwa zaidi. Nilikaa miaka miwili. Bibi alipofariki, shangazi mmoja alinivusha na kunifikisha kambini, nikiwa na miaka kumi, nguo moja, na kikohozi.

Ni lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa huku analijua. Mwanamke akizaa, jina lake linakwisha. Anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza mpaka anaingia kaburini; Mama Mwandishi peke yake ndiye aliyeitwa kwa vitabu vyake. Mama yangu alipaswa kuwa Mama Mauwa. Nilipofika kambini nilikuta anaitwa Mama Furaha. Wabemba walimwita bana Furaha, na kwenye karatasi ya chakula ilikuwa Mama Furaha, mtoto mmoja. Alipoulizwa ofisini mimi ni nani, alisema mbele yangu, bila kusita, "Ule ni mutoto ya dada yangu."

Nadhani aliogopa karatasi. Aliyeandikisha mtoto mmoja kisha akaja na wawili angeonekana mwongo, na mwongo angefutwa. Nilielewa siku ile ile, nikiwa na miaka kumi. Nisichoelewa ni miaka iliyofuata, karatasi zilipobadilishwa, watu wakarekebisha majina mpaka ya mbuzi, na mama hakurekebisha. Uongo wake haukuwa na tundu lolote. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, naye anakuita mama. Nilimwita mama mbele ya watu wote, aliitika, na hakuna aliyeshtuka. Alinilisha sawa na Furaha. Alinisomesha kuliko Furaha. Hakunipiga hata mara moja, na Furaha alipigwa sana, na nilikuwa namwonea wivu.

Sikuwahi kumwuliza. Kila nilipofungua kinywa kulikuwa na kazi mbele yetu, maji ya kuteka au dagaa wa kugeuza. Baadaye nilizoea. Watu husema moyo unauma. Wangu haukuuma, ulikaa tu, mzito, kama mguu uliolaliwa.

Mama Mwandishi alikuwa rafiki wa mama. Walianika pamoja, wakala bukari, ugali wetu, sahani moja. Nilidhani hajui lolote. Niliamini hakuna anayejua isipokuwa mama, mimi na shangazi aliyekwisha kurudi ng'ambo. Furaha mwenyewe hajui hadi leo. Ameolewa Puta, ana watoto wanne, ananiita dada kwa sababu binamu ni dada.

Mama aliugua kwa wiki tatu. Siku ya mwisho hospitalini nilikwenda nyumbani kumpikia, nikamwacha na Mama Mwandishi. Niliporudi na sahani, alikuwa amefunikwa. Mama Mwandishi alikuwa kwenye kigoda kando ya kitanda, mikono mapajani. Alisema, "Amepumzika," akanipokea sahani ili nisiiangushe.

Makaburini, desturi yetu ni kwamba watoto wa marehemu wanaitwa kwa kufuatana, wa kwanza anaanza kutupa udongo, kisha wengine. Mzee wa kanisa aliita, "Mutoto ya kwanza ya marehemu." Furaha akapita mbele. Wakaita watoto wa kaka, wakaita watoto wa dada. Nikapita na hao. Mama Mwandishi alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo. Aliniangalia nikiokota udongo, kisha akaangalia viatu vyake, akaendelea kuviangalia mpaka wimbo ukaisha. Sikulia. Wanawake walisema mtoto wa dada ana moyo mgumu, lakini ni kawaida, si mama yake mzazi.

Miezi mingi baadaye Mama Mwandishi alianza kuona ukungu. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi nilikuwa nimepata kazi Kashikishi katika duka la kuchapa na kutoa nakala, karibu na gati, mahali ambapo wachuuzi wanachapisha barua na vijana waliomaliza shule wanachapisha maombi ya kazi. Akaletwa na binti yake, amebeba mfuko wa plastiki.

"Hii ni kitabu yangu ya mwisho," alisema. "Daftari tisa. Niliandika ya mwisho sijue kama mistari imenyooka. Weye unajua mwandiko yangu. Chapa."

"Ni kuhusu nini?"

"Soma."

Nilichapa wakati hakuna wateja, hasa miezi ile uvuvi umefungwa na mji unalala. Daftari la kwanza lilikuwa kawaida yake, wanaume wameenda kuvua. Katika la tatu kulikuwa na ngano. Mwanamke na binti zake wawili wanafika ukingoni mwa ziwa, na ziwa linasema litamvusha na mmoja. Atakayebaki, mama asimtaje jina tena akishafika ng'ambo, maana ziwa likisikia jina la aliyebaki litamdai. Katikati kulikuwa na wimbo, na maneno mawili ya wimbo huo sikuyaelewa, wala si ya Kibemba wala ya lugha yoyote niijuayo. Pembeni, kwa wino mwekundu: *Mama Furaha, kikombe kizima.*

Niliinuka, nikatoa nakala za mteja aliyekuwa akisubiri, nikarudi, nikasoma tena. Mama yangu alijifunika kitenge akasimulia ngano ile. Ilikuwa ya bibi, ya kweli, na sikuwahi kuisikia, mimi niliyekaa na bibi miaka miwili.

Madaftari yaliyofuata yalikuwa habari zetu. Alibadilisha majina. Mkubwa aliitwa Sifa, mdogo aliitwa Neema, na mama aliitwa Mama Neema. Mtumbwi ulikuwemo. Ofisi na ile sentensi ya mtoto wa dada vilikuwemo. Kikohozi changu kilikuwemo. Sikuhisi hasira. Nilichapa kwa kasi yangu ya kila siku na makosa yalikuwa machache kuliko kawaida.

Daftari la tisa lilikuwa na mistari iliyopanda na kushuka. Mama yuko hospitalini. Sifa amekwenda nyumbani kupika. Nesi anakuja na karatasi, anamwinamia mgonjwa, anauliza, "Wewe ni Mama nani?" Mgonjwa anafumbua macho, anajibu, "Mama Sifa." Kisha anakata roho, na kitabu kinaisha.

Sikuuchapa ukurasa ule. Nilifunga duka mchana, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya, nikaenda kwa Mama Mwandishi.

Ni lazima niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana sikuwahi kukitaka kitu kingine kwa nguvu hiyo. Kule hospitalini, siku ya mwisho, walikuwa wawili, mama na yeye. Kama mama alisema jina langu, hata kwa nesi, hata kwa kuchanganyikiwa, basi kuna mtu mmoja duniani aliyemsikia na kujua maana yake, naye ni huyu, na anazeeka.

Nilimkuta barazani kwenye godoro, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Binti yake alikuwa ameacha kusuka akaanike nguo nyuma ya nyumba. Macho ya Mama Mwandishi yalikuwa meupe. Alinijua kwa hatua.

"Umefika ku daftari ya mwisho," alisema.

"Nimefika."

"Mistari inasomeka?"

"Inasomeka. Mama Mwandishi, ile nesi. Alikuja kweli?"

"Alikuja. Alikuwa na fishi, ile karatasi ya wagonjwa, mu mukono."

"Akauliza?"

"Aliuliza. Mama nani."

Nilisikia binti akikung'uta shuka nyuma ya nyumba. Nikasema, "Na mama alijibu nini?"

Mama Mwandishi alipapasa ile nusu ya kichwa isiyosukwa, kama anayetafuta kitu alichokiweka huko.

"Alisema Mama Furaha," akasema. "Kisha akauliza kama mvua imekuja. Nikamuambia bado. Maneno ile njo ilikuwa ya mwisho."

"Na ya Mama Sifa?"

"Ile niliongeza mimi."

Nilikaa chini kwenye saruji. Nilimwuliza kwa nini. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza njia.

"Kitabu ilikataa kuisha," alisema. "Niliandika vile alisema kweli, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mara tatu. Mutu hawezi kufunga kitabu namna ile."

"Pale makaburini ulijua."

"Nilijua kutoka zamani. Aliniambiaka mwenyewe, siku ya ile hadisi. Akaniomba nifunge kinywa, nikafunga. Hata pale kwa shimo nilifunga. Ilinikula, Mauwa. Kuandika, hakunikatazaka."

"Aliniogopa ao aliniona haya?"

"Sijue," alisema Mama Mwandishi. "Nilimuuliza. Alisema kama anatajaka jina yako, utakufa. Nikamuambia, mama, ile ni hadisi. Akasema, eh, ni hadisi. Na hakutaja."

Kuku walikuja, wakaondoka. Mama Mwandishi alinyoosha mkono hewani, upande ambao si wangu, nikasogea mpaka ukanifikia begani.

"Unataka tuifute?" aliniuliza. "Ni ya kutunga. Weye njo uko na haki. Chukua kalamu, niko hapa, nitakuambia vile ya kuandika."

Nilifikiri kuhusu ile kweli. Mama Furaha, na je, mvua imekuja. Nilijaribu kuiona imechapwa.

"Apana," nikamwambia. "Iache."

"Lakini sasa unajua."

"Najua."

Binti yake alirudi na beseni tupu, akaniuliza nimemfanya nini mama yake mbona amepinda shingo, kesho asilalamike kwamba mistari ya nywele imepinda. Mama Mwandishi akamjibu kwamba mistari ilikuwa imepinda kabla sijafika. Nikaaga.

Hakumaliza miezi miwili baada ya hapo. Lakini kesho yake asubuhi alikuwa bado hai wakati nilipofungua duka, nikawasha kompyuta, nikaufungua ukurasa ule wa mwisho mezani. Nilichapa hospitali, nikachapa karatasi ya nesi, nikachapa swali lake. Nilipofika kwenye jibu la mgonjwa niliandika *Mama Mauwa*, nikahifadhi, nikautoa kwenye mashine nakala tatu.